Siku Tai Walipokataa Kutua

Kila Juni, mvua inyeshe isinyeshe, Marsaili alikwenda ng'ambo ya kaskazini ya Loch Crannaig, mkono mrefu wa bahari ulioingia milimani, kung'oa kangaga zilizoota kwenye kizingiti cha nyumba aliyozaliwa mama yake. Nyumba yenyewe haikuwa na paa tangu yeye hajazaliwa. Zilikuwa zimebaki kuta nne za mawe na jiko lililojaa viota vya ndege. Hakuna aliyemtuma kazi hiyo, wala hakuna aliyepata kumshukuru kwa ajili yake, lakini moyo wake haukutulia akifikiri kwamba mtu angeweza kupita pale akadhani waliokaa humo hawakuacha jamaa.

Mwaka huo alikuwa ametimiza miaka sabini na mmoja, na magoti yalikuwa yameanza kumpigia kelele. Akafunga mikate yake ya shayiri na kipande cha jibini, akavaa viatu vizito, akaondoka asubuhi. Alivuka daraja la kichwa cha loch, pale mto unapomwagika baharini, kisha akashika njia ya kondoo iliyofuata ufuko kwa mwendo wa saa mbili hivi.

Watu wa pande zile hawakumwita Marsaili. Walimwita Nesi, ingawa alikuwa amestaafu kitambo. Kwa miaka thelathini alikuwa amezizungukia nyumba zote za mkono ule wa bahari kwa kigari chake kilichokuwa kikivuja, akipokea watoto na kuwafumba macho wazee. Hapakuwa na mlango usiomfungukia, ila mmoja tu: mlango wa Torcuil, mfugaji wa kondoo wa ng'ambo ya kusini.

Ugomvi wao ulianzia ukumbini, kwenye mkutano, miaka sita nyuma. Tai wa bahari walikuwa wamerudi kujenga kwenye msonobari wa jabali la kaskazini, tai wakubwa wenye mikia myeupe na mabawa mapana kama mlango wa banda. Torcuil akasimama mbele ya watu akasema tai hao wamemmalizia wanakondoo kumi na mmoja katika majira moja ya kuchipua, na watu wakitaka amani, ndege hao waondolewe. Marsaili naye akasimama. Akasema wanakondoo hao walikufa kwa baridi na njaa, kwa kuwa mwenyewe alikuwa kitandani na huzuni zake wiki nzima, na tai waliokota mizoga tu. Watu wakainamisha macho. Mke wa Torcuil, Beathag, alikuwa amezikwa mwezi mmoja kabla, na aliyemuuguza majira yote ya baridi hadi pumzi ya mwisho ni huyohuyo Nesi.

Tangu siku hiyo Torcuil hakumsalimu. Wakipishana kwenye barabara nyembamba, ambako kila dereva humwinulia mwenzake walau kidole juu ya usukani, mikono ya Torcuil ilibaki imeganda.

Basi, mchana ule, yapata saa saba, Marsaili alifika chini ya jabali la tai akakuta njia imekatika. Maporomoko ya kipupwe yalikuwa yameifukia kwa udongo na mawe. Ilikuwa siku ya bamvua, na maji yalikuwa yamekupwa hadi mwisho, ufuko umelala wazi na mwani wake wa rangi ya kahawia. Akaona ateremke apite chini, kwenye mawe, haraka na kimyakimya, asije akawasumbua wenye nyumba yao juu ya msonobari. Alikuwa akiwaonea haya kama mtu anayekatiza ua wa jirani.

Hakufika mbali. Jiwe moja, kubwa kama pipa, lilibingirika chini ya mguu wake. Alianguka ubavu, na alipojaribu kuinuka akaona mguu wa kushoto haumfuati. Jiwe lilikuwa limeubana kwenye ufa, juu kidogo ya kifundo. Maumivu yalikuja baadaye, kwa utaratibu, kama mtu anayepanda ngazi.

"Haya, bibi," alijiambia kwa ile sauti aliyokuwa akiwaambia wagonjwa. "Tuone vidole." Akavijaribu vidole vya mguu ndani ya kiatu. Viwili vilitii. "Vizuri. Mfupa umevunjika, damu inapita. Hufi kwa mguu."

Ndipo alipotazama mstari wa mwani mkavu ukutani mwa jabali, pale maji ya bamvua yanapofika yakijaa. Ulikuwa juu ya kichwa chake, kimo cha mtu mzima.

Alipiga kelele mpaka koo likauma. Simu ya mkononi pale, pasipo mtandao, ilikuwa kama kipande cha ubao. Nyumba zilikuwa upande wa pili wa maji, na yeye alikuwa amekaa nyuma ya mwamba uliomficha kabisa. Juu yake tai wote wawili walikuwa wameruka kutoka kwenye msonobari, wakizunguka na kulia kwa sauti zao nyembamba za kubweka, sauti ndogo ajabu kwa ndege wakubwa namna ile.

"Samahani," aliwaambia. "Ningeondoka kama ningeweza."

Kwanza walikuja visubi. Hewa ilikuwa imetulia, na walimshukia kama moshi, wakaingia machoni, puani, chini ya kola. Hilo karibu limtoe machozi, kuliko mguu. Kisha upepo mdogo ukaanza kutoka mdomoni mwa loch, ukawafagia wote kwa mpigo mmoja, na Marsaili akacheka peke yake kwa faraja. Alikuwa ameuguza watu wengi waliokuwa karibu na mwisho, na siku zote alistaajabu jinsi walivyoshukuru vitu vidogo: mto wa kulalia uliogeuzwa, kijiko cha maji. Sasa alielewa kwamba hawakuwa wakijikaza. Upepo ule ulikuwa mtamu kweli.

Maji yalianza kurudi. Yalikuja bila haraka, yakijaza kidimbwi kimoja kimoja, yakiinua mwani mpaka ukasimama na kutikisika. Yalipofika kwenye nyonga alianza kutetemeka. Alikula mkate mmoja wa shayiri, si kwa njaa, bali kwa sababu mwili unaotetemeka unahitaji kuni. Akasukuma jiwe kwa mikono miwili, kwa mgongo, kwa mguu mzima. Jiwe halikumsikia.

Wakati fulani fisi-maji alitokea. Alipanda juu ya mwamba, hatua tatu kutoka alipokuwa, kaa kinywani, maji yakimchuruzika kwenye sharubu. Akalala chali nusu, akamvunja kaa kwa meno ya pembeni, krach, krach, huku akifumba macho kwa utamu. Marsaili alishikilia pumzi. Miaka sabini na mmoja kando ya maji hayo, hajapata kumwona karibu hivyo. Mnyama alimaliza, akapangusa uso kwa viganja, ndipo akamwona. Wakatazamana. Kisha fisi-maji akateleza majini bila sauti. Maganda ya kaa tu ndiyo yaliyobaki, mpaka wimbi likayachukua nayo.

Hakuwa na hofu wakati huo, alikuja kusema baadaye. Alikuwa na hasira. Alikuwa akifikiria kwamba kangaga za mama yake hazijang'olewa, na kwamba kuna maneno aliyoyasema ukumbini miaka sita nyuma ambayo hangeweza tena kuyarudia na kuyasema vizuri zaidi.

Ilipofika karibu saa kumi, maji yakiwa kifuani, akasikia mashine ya boti.

Aliita, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha, imebaki mkwaruzo. Mashine ikapungua, ikazimwa. Mbwa akabweka. Kisha sauti ya mwanamume ikapasuka nyuma ya mwamba.

"We mpiga picha! Toka huko! Nakuona!"

Hakuwa akimwona mtu yeyote.

"Tangu saa saba uko hapo! Kinda halijala mchana kutwa! Huna haya wewe? Unakuja na darubini zako za bei mbaya, unajificha chini ya kiota cha watu! Nitakuvunjia hiyo kamera, wallahi, nitakulisha vipande!"

Marsaili aliitambua sauti hiyo, akadhani baridi imeanza kumchezea akili. Akavuta pumzi yote iliyobaki.

"Torcuil! Mimi si mpiga picha."

Mbwa akabweka tena.

"Nani huyo?"

"Nesi."

"Nesi gani?"

"Tuna manesi wangapi huku, baradhuli wee!"

Pua ya boti ikachungulia nyuma ya mwamba. Torcuil alikuwa amesimama ndani yake kwa magoti yake mabovu, mzee wa miaka sabini na minne, kofia imekaa upande, kasia mkononi kama rungu. Mbwa wake Fraoch alikuwa mbele, masikio juu. Mzee aliutazama uso wa Marsaili juu ya maji, mweupe, umejaa vipele vya visubi. Rungu likashuka.

"Kumbe ni wewe unayewasumbua ndege," alisema, lakini sauti haikuwa tena na nguvu.

"Ni mimi. Ukishanitoa nishtaki. Mguu umebanwa na jiwe, kushoto, juu ya kifundo. Nina kama nusu saa."

Torcuil hakuuliza la pili. Alitia nanga, akashuka majini na nguo zake zote, akatukana ile baridi kwa maneno ambayo Beathag asingeyaruhusu nyumbani, akapapasa chini mpaka akalipata jiwe. Akapenyeza kasia, akainua. Kasia likavunjika vipande viwili. Akabaki ameshika kipini, anakitazama kama aliyesalitiwa.

"Kamba," alisema Marsaili. Meno yalikuwa yakigongana. "Una kamba?"

"Nina kamba. Nyamaza, niache nifikiri."

"Fikiri upesi."

"Hujabadilika hata chembe, wewe mwanamke!"

Alizamisha kichwa mara tatu kabla ya kufanikiwa kuizungusha kamba kwenye jiwe. Mara ya tatu alikaa chini muda mrefu mno, na Marsaili akamshika kola kumvuta juu. Alitoka akikohoa, macho mekundu, na kwa muda mfupi wakabaki hivyo, amemshikilia kola, kila mmoja akihema usoni mwa mwenzake.

"Sikiliza," alisema Torcuil. "Nitavuta kwa mashine. Likisogea, litasogea kidogo tu, na mara moja. Nikisema vuta, vuta. Usingoje nikubembeleze."

Alipanda botini kwa taabu, akang'oa nanga, akafunga ncha ya kamba, akawasha. Boti ikanguruma, ikarudi nyuma, kamba ikajinyoosha mpaka ikatoa maji kama nguo inayokamuliwa. Hakuna kilichosogea. Akazidisha moto. Fraoch akawa anabweka kama kichaa. Moshi wa mashine ukalala juu ya maji.

"Vuta!"

Marsaili alivuta. Alisikia kitu kikichanika, hakujua ni kiatu au ni yeye, akapiga ukelele uliowarusha korongo wawili ng'ambo ya pili, na mara akawa hana uzito, yuko juu ya maji, anabebwa na mwani.

Torcuil alimpandisha botini vilevile anavyompandisha kondoo aliyezama mtaroni, mkono mmoja kifuani na mwingine chini ya nyonga, kwa mtupo mmoja.

"Nimetoa majike wazito kuliko wewe," alisema akihema.

"Asante kwa sifa."

Alitoa sweta lake lililokuwa limebaki kavu chini ya kiti, linanuka kondoo na dizeli, akamvisha kama mtoto. Akamimina chai kutoka kwenye chupa yake. Nusu ilimwagika botini, akamimina tena. Kisha, kabla ya kushika usukani, alitazama juu. Tai jike alikuwa amekunja mabawa na kurudi msonobarini. Wakasikia kinda likilia kwa njaa, kwa sauti kali ya kudai, kama mtoto mchanga wa binadamu.

"Haya," Torcuil alinong'ona, si kwa Marsaili. "Haya, mama. Tunaondoka sasa."

Helikopta ya waokoaji ilitua shambani kwa Torcuil saa kumi na mbili jioni, jua lingali juu kama la mchana, na kuwatawanya kondoo wake mpaka kwenye vilima vitatu. Kwa kawaida jambo hilo lingemfanya alalamike hadi Krismasi. Siku hiyo alisimama tu kwenye mlango wake, nguo zikivuja, akashika kofia kwa mikono miwili mpaka helikopta ikapotea nyuma ya milima.

Marsaili alilala hospitali ya mji wiki mbili, akarudishwa na magongo na vyuma vinne mfupani. Majirani walimletea supu hadi akakosa pa kuiweka. Torcuil hakuja. Ilipita wiki, ikapita ya pili. Marsaili alikuwa ameanza kutafuta gari la kumpeleka yeye mwenyewe kwa Torcuil, ndipo alasiri moja ya mvua nyembamba akasikia viatu vizito barazani, na Fraoch akaingia kabla ya kukaribishwa.

Torcuil alikaa kwenye ncha ya kiti. Alikuwa amenyoa. Alikataa keki, kisha akala vipande vitatu.

"Nimekuja kwa jambo moja," alisema. "Usinishukuru. Kama utanishukuru, nitaondoka."

"Sawa. Sikushukuru. Ulijuaje?"

"Nilijuaje nini?"

"Kwamba kuna mtu pale. Nilikuwa nyuma ya mwamba. Hakuna dirisha hata moja linaloona pale."

Torcuil alikwaruza shavu lake. Akaingiza mkono kwenye koti akatoa kitabu kidogo chenye jalada la nailoni, kimevimba kwa unyevu, akakiweka mezani bila kukifungua.

"Baada ya ule mkutano, niliapa nitakuonyesha. Nikaweka darubini dirishani, na kila siku nikawa naandika. Wameondoka saa ngapi, wamerudi na nini. Nilitaka ushahidi, nije nao ukumbini, nikukanyage nao mbele ya watu wote."

"Na je?"

"Na je, na je!" Alitazama mvua. "Samaki. Ndege wa baharini. Sungura. Mizoga ya wanakondoo, naam, mingi, iliyokwisha kufa. Walio hai katika miaka sita ni watatu. Watatu, Nesi. Mbweha ananilia zaidi kabla ya Pasaka." Alikisogeza kitabu kando. "Mwaka wa pili nilishajua. Mwaka wa tatu nikawa naandika tu kwa mazoea. Baada ya hapo... nyumba ile ni kimya sana. Asubuhi naamka, natazama kama wameamka. Dume hupenda kukaa tawi la kushoto. Jike ni mkali kama alivyokuwa Beathag. Siku ile walizunguka saa tatu bila kutua. Hawajafanya hivyo kamwe. Nikasema kuna mshenzi chini ya mti wangu."

"Mti wako?"

"Usianze."

Marsaili alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka mguu ukamuuma, na Torcuil, baada ya kununa kidogo, pembe za mdomo wake zikamsaliti.

Kisha Marsaili akapangusa machozi ya kicheko. "Torcuil, nami nina langu. Niliyoyasema ukumbini yalikuwa kweli, na nilikuwa mkatili. Nilikuwa nimechoka. Nilimpenda Beathag, sikulala wiki tatu za mwisho, na wewe ukasimama kulia kwa ajili ya wanakondoo. Nikaona hulilii unachopaswa kukililia. Nilipaswa kuja mlangoni kwako na kukuambia taratibu. Badala yake nilikuvua nguo mbele za watu. Nisamehe."

Mzee alimpapasa mbwa wake masikio.

"Ulimwogesha," alisema mwishowe. "Kila asubuhi. Nilikuwa nimesimama jikoni nasikia unamwimbia, nikashindwa kuingia. Sikupata kukushukuru hata siku moja, halafu ukanipa sababu ya kukuchukia, na nikaikamata kwa mikono miwili, maana kukuchukia ni rahisi kuliko..." Alimwinulia macho. "Asante, Marsaili. Ndiyo hiyo. Imetoka."

Torcuil alikuwa amemkataza shukrani, akazitoa mwenyewe. Marsaili hakumkumbusha. Alimkatia kipande cha nne cha keki.

Katikati ya Agosti Torcuil alimfuata kwa boti, magongo na vyote. Kondoo walikuwa wamekwisha kunyolewa, vilima vimegeuka zambarau kwa maua, na sili walikuwa wamelala juu ya visiwa vya mawe kama magunia yaliyosahauliwa. Alizima mashine mbali na jabali, mbali kabisa, na kumpa darubini.

"Litazame," alisema. "Siku ya tatu leo linasimama ukingoni na kughairi. Lina woga kama kasisi."

Kinda lilikuwa limekuwa kubwa kuliko wazazi wake, la kahawia, limechanganyikiwa. Lilitanua mabawa, likayakunja. Dume alipita mbele yake na samaki, taratibu, kwa makusudi, akaenda kutua mbali. Kinda likalia. Kisha upepo ukalichukua, au lenyewe likajirusha, haikujulikana. Liliruka vizuri kwa kitambo kidogo, juu ya mwani, juu ya maji, likasahau namna ya kugeuka, likatua katikati ya loch kwa kishindo.

"Mungu wangu!" Torcuil alishika mkono wa Marsaili.

Ndege alielea, kichwa juu, ameduwaa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna kati yao aliyepata kuliona: akayanyosha mabawa yake juu ya maji na kuanza kupiga kasia. Pigo moja, pumziko. Pigo jingine, pumziko. Mzazi mmoja alizunguka juu, akibweka. Torcuil alikuwa amesimama, boti ikiyumba, akinong'ona, "Twende, mwanangu, twende, bado kidogo," na Marsaili alikuwa akisukuma mabega yake mwenyewe bila kujua.

Ilimchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Alifika, akajivuta juu ya mawe, akaanguka kifudifudi, akasimama. Akajikung'uta. Akatanua mabawa yote mawili yakauke, na kukaa hivyo, mchafu na amelowa, kama mwenye loch nzima.

Torcuil alikaa chini. Alipangusa uso kwa kofia, akasema ni chumvi ya maji.

"Unataka turudi?" aliuliza baada ya muda. "Mguu usije ukapata baridi."

"Bado kidogo," alisema Marsaili. "Maji yanaanza tu kugeuka."

Wakakaa. Boti ikajigeuza yenyewe polepole, ikawaonyesha kusini, magharibi, bahari iliyo wazi, kisha tena ufuko wa kaskazini. Fraoch alilala juu ya miguu ya Marsaili, mzima na ule wenye vyuma, na hakuna aliyemfukuza.